Amsterdam na watoto wadogo: hesabu za familia inayotoka Mwanza

Mtoto wa miaka mitatu ana saa tatu nzuri asubuhi, usingizi wa mchana, kisha saa mbili za uvumilivu jioni. Basi. Ukiipanga safari kwa hesabu hiyo, Amsterdam ni mji mwepesi: mdogo, tambarare, maji ya bomba yananyweka, na treni ya kwenda mjini inapita chini ya uwanja wa ndege wenyewe. Ukiipanga kwa orodha ya vivutio, utalipa mamilioni ili ukabembeleze mtoto anayelia mbele ya mchoro wa Rembrandt.

Haya ni kwa wazazi wa Mwanza na majirani zetu wa Bukoba, Musoma na Ukerewe, wenye watoto wa chini ya miaka minane na nia ya kukaa wiki moja. Mji mmoja, siku saba. Wanaounganisha Paris, Brussels na Amsterdam kwa siku hizohizo hukaa sana stesheni, na mtoto wa miaka minne hakumbuki stesheni ila alipodondosha biskuti.

Juni au Desemba

Shule zetu ndizo zinazoamua, na zinafungwa Juni na Desemba. Chagua Juni. Mwishoni mwa Desemba jua la Amsterdam huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Ukishamvalisha mtoto soksi, suruali mbili, sweta, koti na kofia, nusu ya mwanga imekwisha.

Juni ina kituko chake. Karibu na tarehe 21 jua huzama saa nne usiku na dakika kadhaa, halafu huchomoza saa kumi na moja na robo alfajiri. Mtoto wa Mwanza amezoea giza kuingia karibu saa moja jioni, mwaka mzima, bila kubadilika sana. Tofauti ya saa kati yetu na wao majira hayo ni saa moja tu, kwa hiyo uchovu wa kubadili saa si tatizo. Tatizo ni mwanga. Ukimwambia akalale saa mbili usiku, atakuonyesha jua dirishani, na atakuwa na haki. Beba kitenge kizito cheusi au cha bluu na gundi ya karatasi ya mafundi rangi, ile isiyobandua ukuta. Funika dirisha siku ya kwanza kabla hata ya kufungua mabegi. Usipofanya hivyo, siku ya tatu watoto wote watakuwa wanalia saa kumi jioni na hutajua kwa nini.

Joto la mchana mwezi huo ni nyuzi 20 hivi, usiku hushuka hadi 11 au 12, na mvua haina ratiba. Valisha tabaka: fulana, sweta jepesi, koti la mvua lenye kofia. Mwavuli uache nyumbani, upepo wa kule huupindua. Makoti mazuri ya watoto yapo mitumba ya Mlango Mmoja kwa bei ya kawaida kabisa. Mengine huenda yanarudi kwao.

Halafu tulipu. Bustani ya Keukenhof hufunguliwa Machi mpaka katikati ya Mei tu. Ukienda Juni hakuna ua hata moja la kupigia picha, na bora bibi wa watoto aelezwe mapema, maana picha ya tulipu ndiyo anayoisubiri.

Karatasi huchukua muda kuliko pesa

Uholanzi iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila unaweza kufika 45. Kwa anayesafiri Juni, anza Februari. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa wa chini ya miaka 6, mbali na gharama ya huduma ya kituo kinachopokea. Hairudishwi ukinyimwa.

Hatua hii inafanyika Dar es Salaam, si Mwanza, na watu wazima lazima wafike wenyewe kutoa alama za vidole. Watoto wa chini ya miaka 12 hawachukuliwi vidole. Uliza wakati wa kupanga miadi kama nao wanahitajika kufika, maana nauli ya watoto watatu kwenda na kurudi Dar si ya kubahatisha.

Pasi iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen. Picha ni milimita 35 kwa 45. Kumpiga mtoto mchanga picha hiyo ni kazi: mlaze juu ya shuka jeupe, mpiga picha asimame juu yake, na mkono wa mama usionekane hata kidole.

Taarifa ya akaunti ya benki ndiyo huangusha wengi. Pesa iliyoingia kwa mkupuo wiki mbili kabla ya maombi huleta maswali, hata kama ni halali, hata kama ni ya mnada wa ng'ombe au mauzo ya kiwanja Buswelu. Kama imeingia hivyo, ambatanisha mkataba wa mauzo. Mfanyabiashara aweke leseni na cheti cha TIN, mwajiriwa aweke barua ya likizo yenye tarehe ya kurudi kazini. Barua ya shule ya mtoto yenye tarehe ya kufungua nayo husaidia, kwa sababu inajibu swali moja linaloulizwa kimyakimya: watarudi?

Sasa majina. Kwetu mtoto huitwa jina lake, jina la baba, jina la babu. Mama ana ukoo wake mwingine kabisa. Askari wa mpakani Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, anaona mwanamke na mtoto wasiofanana jina la mwisho, na kazi yake ni kuhakikisha mtoto hajaibwa. Hana ubaya. Beba cheti cha kuzaliwa halisi cha kila mtoto pamoja na nakala. Kama mzazi mmoja tu ndiye anasafiri, beba barua ya ridhaa ya mwenzake iliyoapiwa mbele ya wakili au hakimu, kwa Kiingereza, yenye namba za pasi, tarehe za safari na namba ya simu inayopokelewa. Kama mzazi mmoja amefariki, beba cheti cha kifo. Kagua pia herufi: Magdalena kwenye cheti na Magdalene kwenye pasi ni kitu kidogo Nyamagana na ni kitu kikubwa dirishani. Rekebisha RITA kabla ya kuomba pasi, si baada.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen ilianza kutumia mfumo mpya unaorekodi uso na vidole vya wageni mara ya kwanza wanapoingia. Watoto wa chini ya miaka 12 hupigwa picha ya uso tu. Foleni yake ni ndefu kuliko ya mihuri, kwa hiyo chupa ya maji na biskuti zikae mkononi, sio juu kabisa ya begi lililofungwa.

Kutoka Mwanza mpaka kiti cha ndege

Ndege ya Mwanza hadi Dar ni kama saa moja na nusu. Kosa la kawaida ni kuinunua kwa tiketi ya pekee na kuiunganisha na ndege ya Ulaya ya usiku huohuo. Tiketi zikiwa mbili tofauti, ndege ya ndani ikichelewa, shirika la kimataifa halikudai wala halikudaiwa, limeondoka. Mabegi nayo unayachukua Dar na kuyahamisha mwenyewe kutoka jengo la ndege za ndani kwenda Terminal 3, watoto wakiwa wameshachoka. Nenda Dar siku moja kabla. Usiku mmoja wa hoteli ni nafuu kuliko tiketi nne mpya.

KLM huruka hadi Amsterdam kutoka Dar bila kubadilisha ndege. Kwa kupitia njiani kuna Ethiopian kupitia Addis Ababa, Turkish kupitia Istanbul na Qatar Airways kupitia Doha. Za kupitia mara nyingi ni nafuu. Kwa mtoto anayetembea mwenyewe, mapumziko ya saa mbili au tatu njiani ni nafasi ya kukimbia. Kwa mtoto mchanga aliyelala, kumwamsha saa tisa usiku abadilishe ndege ni adhabu. Chagua kwa umri wa mdogo kuliko wote, sio kwa bei peke yake.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa kwa sehemu ndogo ya nauli. Akitimiza miaka miwili mkiwa Ulaya, kurudi atahitaji kiti na nauli yake. Wengi huligundua hilo kaunta. Kitanda cha kuning'inia mbele ya kiti kipo kwa watoto wachanga, lakini ni vichache na vina kikomo cha uzito. Piga simu siku hiyohiyo unayonunua tiketi.

Maziwa ya mtoto, uji na maji yake yanaruhusiwa kupita kizuizi cha mililita 100 kwa kiasi kinachotosha safari. Yatoe mwenyewe kwenye ukaguzi, usisubiri mashine iyagundue. Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopaa, na kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Wakati huo mnyonyeshe, au mpe chupa, au pipi ya kijiti kwa mkubwa. Mwamshe kama amelala. Akiamshwa na maumivu ya masikio hatulii mpaka mlango ufunguliwe.

Na chakula begini? Umoja wa Ulaya haupokei nyama wala maziwa ya abiria kutoka kwetu: samli, jibini, nyama kavu, vyote vinatupwa. Maziwa ya unga ya watoto na vyakula vya watoto ni hadi kilo 2 kwa mtu, vikiwa kwenye pakiti ya kiwandani na visivyohitaji friji kabla ya kufunguliwa. Embe na machungwa yanahitaji cheti cha afya ya mimea, lakini ndizi, nanasi, nazi na tende havihitaji. Samaki ndiyo habari njema: hadi kilo 20 kwa mtu, wa kukaushwa au wa moshi wakiwemo. Kwa hiyo dagaa wanaingia. Kaanga kabisa nyumbani, poza, weka kwenye mfuko wa plastiki mara tatu na kopo lenye kifuniko, la sivyo nguo zote zitanukia Kirumba mpaka mnarudi. Unga wa lishe uende kwenye pakiti yenye maandishi ya kiwanda. Unga mweupe ndani ya mfuko wa rambo hauhitaji kuelezewa kwa nini ni wazo baya.

Saa nane ambazo hakuna anayezihesabu

Ndege nyingi za kutoka kwetu hufika Ulaya asubuhi. Mtaanza kusubiri mabegi saa moja asubuhi, na chumba hupatikana saa tisa alasiri. Hapo katikati kuna saa nane na watoto waliolala nusu, na ndipo safari nyingi huharibika, siku ya kwanza, kabla ya kitu chochote.

Andikia hoteli wiki moja kabla, uombe kuingia mapema, hata kwa malipo kidogo. Wakikataa, waombe wapokee mabegi asubuhi. Karibu zote hukubali. Treni ya Schiphol hadi Amsterdam Centraal ni kama robo saa. Ukiweka mabegi, nenda OBA, maktaba kuu ya mji, dakika kama kumi kwa miguu kutoka stesheni. Kuingia ni bure, sehemu ya watoto iko chini, kuna vyoo, lifti, na mgahawa juu kabisa. Hakuna anayekuuliza unafanya nini pale. Watoto watalala juu ya mito au watafungua vitabu vya picha, na wewe utakaa chini. Mvua isiponyesha, jirani yake kuna jengo la kijani la NEMO, lililochorwa na Renzo Piano, na paa lake la ngazi pana hupandwa bure.

Ngazi, maji na baiskeli

Nyumba za kando ya mifereji zilijengwa nyembamba na ndefu, na ngazi zake ni za kupanda kama ngazi ya kuezekea bati. Picha za mtandaoni hazizionyeshi. Kabla ya kulipa uliza kwa maandishi: ghorofa ya ngapi, lifti ipo, kitanda cha mtoto kipo, madirisha yanafunguka mpaka wapi. Jibu la "ngazi za kawaida" kutoka kwa Mholanzi lisikutulize, kwake hizo ndizo za kawaida. Nyumba binafsi za kupangisha wageni jijini haziruhusiwi kuchukua zaidi ya watu wanne kwa wakati mmoja, kwa hiyo familia ya watano au sita itafute hoteli yenye vyumba vya kuungana au yenye jiko. Ongeza pia kodi ya watalii, asilimia 12.5 ya bei ya chumba, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona kwanza.

Mifereji haina uzio. Ina ukingo wa jiwe, magari yameegeshwa sambamba, kisha maji. Watoto waliokulia ufukweni hawaogopi maji, na hapo ndipo hatari ilipo: ziwa letu lina mchanga na linaanza kwa kifundo cha mguu, mfereji unaanza kwa kina cha kumzidi mtu mzima na kuta zake ni wima, hakuna pa kushika. Waholanzi wenyewe huwapeleka watoto wao kujifunza kuogelea mpaka wapate cheti. Sheria iwe moja na ya siku ya kwanza: kando ya maji, mkono ushikwe, na mtu mzima atembee upande wa maji.

Baiskeli ni tatizo kubwa kuliko magari. Njia zao mara nyingi ni za lami nyekundu, kati ya barabara na njia ya miguu, na mtoto huziona kama sehemu ya njia ya miguu kwa sababu hazina magari. Zinakuja kimya, kwa kasi, na dereva wake hatarajii mtu asimame katikati kupiga picha. Ukisikia kengele, usiruke. Simama ulipo, yeye atakupita. Kuvuka ni mara tatu: njia ya baiskeli, barabara au reli ya tramu, njia ya baiskeli tena. Mfundishe mtoto kuhesabu "moja, mbili, tatu" na kuangalia upya kila mara. Kumbuka wao huendesha kulia, kwa hiyo hatari ya kwanza inatoka kushoto, kinyume cha Barabara ya Kenyatta.

Kukodi baiskeli yenye sanduku la watoto mbele kunavutia kwenye picha. Ushauri wangu: sio katikati ya mji. Baadhi hufunga breki kwa kukanyaga pedali kinyumenyume, na kulijifunzia hilo kwenye makutano ya tramu watoto wakiwa sandukuni ni ujinga. Nenda nayo Amsterdamse Bos, msitu mpana wa kusini mwa jiji.

Kigari cha mtoto kiwe chepesi, kinachokunjwa kwa mkono mmoja. Na beba mbeleko. Sisemi kwa mapenzi ya utamaduni. Kwenye ngazi za nyumba, kwenye boti za mfereji na kwenye lifti mbovu ya stesheni, mtoto mgongoni na mikono miwili huru inashinda kila kigari dukani kwao.

Tramu, basi na treni ya chini hulipwa kwa kugonga kadi ya benki unapopanda na kuigonga tena unaposhuka. Kila mtu kadi yake. Baba na mama hawawezi kugonga kadi moja mara mbili. Kadi ya namba tu, ile inayotengenezwa ndani ya simu kwa manunuzi ya mtandaoni, haina cha kugongesha mashine. Kabla ya kuondoka, nenda benki uhakikishe kadi ina alama ya kugonga, imefunguliwa kwa matumizi ya nje, na kikomo chake cha siku kinatosha. Ukisahau kugonga unaposhuka, mashine haijui ulikoshuka na hukata kiwango chake yenyewe. Watoto wa chini ya miaka 4 ni bure. Kwenye treni za NS, shirika la reli la kule, wa miaka 4 hadi 11 akiwa na mtu mzima husafiri siku nzima kwa euro 2.50. Pesa taslimu ndani ya basi na tramu haipokelewi, na maduka mengi nayo hayaitaki.

Usafiri mzuri kuliko yote ni wa bure: vivuko nyuma ya Centraal. Cha kwenda Buiksloterweg huvuka kwa dakika chache tu, usiku na mchana, bila tiketi wala foleni ya magari. Watoto waliozoea kivuko cha Kamanga watataka kujua kwa nini kimefika mapema hivyo. Cha NDSM huchukua karibu robo saa, na kwa mtoto wa miaka mitano hicho ni kivutio kamili cha alasiri.

Wapi, na wapi hapana

Jambo moja kubwa asubuhi, uwanja wa kucheza alasiri. Tiketi za kule zina saa ya kuingia. 14:30 ni saa nane na nusu mchana, na wapo wanaoisoma haraka wakafika saa mbili na nusu usiku. Andika kwa saa zetu pembeni.

NEMO ni makumbusho ya sayansi ambapo kila kitu hushikwa, na inafaa kuanzia miaka minne hivi. Artis, bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1838, ni nzuri kwa umri wote, ila aliyeishi karibu na Saanane na Serengeti apime kama anataka kulipa apate kuona swala. Wengi hupenda zaidi bustani yenyewe na uwanja wake wa kucheza. Vondelpark, ya mwaka 1865, ni ya bure na ina viwanja vya watoto. Ndiyo ya kuokoa siku.

Rijksmuseum ni bure kwa wenye miaka 18 na chini, Van Gogh Museum ni bure kwa wa chini ya miaka 18, lakini Van Gogh hata wa bure anahitaji tiketi ya saa. Usijaribu yote mawili. Chukua Rijksmuseum, nenda moja kwa moja kwa "Nachtwacht" ya Rembrandt ya mwaka 1642, mwambie mtoto amtafute mbwa na ngoma kwenye picha, kisha mfano mkubwa wa meli na nyumba za wanasesere. Dakika 60. Toka wakiwa bado wanataka.

Nyumba ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa vita vya Hitler, iache mpaka wafike miaka kumi. Ngazi ni wima, vigari haviingii, na habari yenyewe ni nzito. Mzazi anayetaka kwenda peke yake ajue kwamba tiketi hutolewa mtandaoni kila Jumanne kwa ziara za wiki sita mbele, na huisha haraka.

Kwenye Amsterdamse Bos kuna shamba la mbuzi ambapo watoto huwanywesha vitoto vya mbuzi maziwa kwa chupa. Babu wa Magu atacheka kwamba mmepanda ndege kwenda kuona mbuzi, na watoto watasimulia shamba hilo kuliko Rembrandt. Hufungwa Jumanne.

Mdomo na tumbo

Dukani Albert Heijn, *volle melk* ni maziwa ya kawaida na *karnemelk* ni ya mgando, machachu kidogo. Mgeni wa kawaida huinunua kwa makosa na kuitema. Wewe uliyekua na mtindi utainunua tena kwa makusudi. Chokoleti za kunyunyizia juu ya mkate huitwa *hagelslag*, na mtoto akishaijua, uji umekufa kwa wiki hiyo. *Pannenkoek* ni chapati ya maji iliyokua, hutosha mtoto kwa chakula cha mchana.

Kwenye vibanda vya samaki sokoni Albert Cuyp, Jumatatu hadi Jumamosi, ulizia *victoriabaars*. Ni sangara, minofu, kutoka ziwa hili. Bei yake itakuuma ukikumbuka ya mwaloni, lakini mtoto anayekataa kila kitu atamla na wali. Unga wa ugali, ndizi za kupika na mihogo hupatikana kwenye maduka ya Wasuriname na Waafrika huko Zuidoost, kusini-mashariki mwa jiji.

Vyoo vya mjini mara nyingi hulipwa, senti 50 hadi euro 1, na havina maji ya kutawadhia. Chupa ndogo yenye kifuniko cha kunyunyizia ikae kwenye begi. Pampasi nunua huko, Kruidvat au Etos; usibebe zaidi ya za siku mbili.

Homa

Mtoto akipata homa mkiwa Amsterdam, au wiki kadhaa baada ya kuondoka Mwanza, sentensi ya kwanza kwa daktari ni kwamba mmetoka eneo la malaria. Neno kwao ni lilelile, malaria. Daktari wa kule huona mafua elfu kabla ya kuona malaria moja, na usipomtajia anaweza kukurudisha na ushauri wa paracetamol. Dai kipimo cha damu siku hiyohiyo. Wiki mbili kabla ya safari msilegeze chandarua kwa sababu ya pilikapilika za mabegi. Mbu wa wiki hizo ndiye anayesafiri nanyi.

Kwao huendi hospitali moja kwa moja. Unapiga simu kwa daktari wa familia, *huisarts*, na usiku au wikendi kwa *huisartsenpost*. Hatari ya maisha ni 112. Antibayotiki haziuzwi bila cheti cha daktari, kwa hiyo dawa za mtoto za kudumu, pampu ya pumu ikiwemo, zitoke Mwanza na barua ya daktari kwa Kiingereza, na zisafiri kwenye begi la mkononi. Hifadhi kila risiti. Bima nyingi hukulipa baadaye, na bila karatasi hazilipi.

Siku ya kurudi

Fika Schiphol saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Kitenge cha dirishani kisibaki ukutani, gundi ikunjwe nacho. Kigari kinaweza kwenda mpaka mlango wa ndege, lakini uliza wakikipokea kama utakikuta mlangoni Dar au kwenye mkanda wa mabegi, usije ukasubiri mahali pasipo. Ndege ikifika Dar usiku, ya Mwanza iwe ya kesho yake, si ya alfajiri. Watoto wataamka wakiuliza kama bado kuna jua. Kwa siku mbili tatu watagoma kulala saa mbili, safari hii wakiwa gizani.